Dole Gumba la Mzee Siprianus Habur

Mzee Siprianus Habur, ambaye jeneza lake liko mbele yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa Golo Watar, katika milima ya Manggarai, kisiwani Flores. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Lambertus Habur na Mama Sebina Ndaur. Wawili waliomtangulia hawakufikisha mwaka, kwa hiyo bibi yake aliagiza mtoto huyu asisifiwe na mtu mpaka aanze kula mahindi. Alianza kula mahindi mwaka uliofuata, akasifiwa kwa kiasi.

Alisoma shule ya misheni ya Wae Tuwa, ng'ambo ya bonde, kuanzia mwaka 1955 hadi 1961. Siku moja mwalimu, mgeni kutoka pwani, aliwaambia wanafunzi wachore shamba. Wenzake, waliokwisha kumjua mwalimu, walichora pembe nne. Siprianus alichora duara lenye mistari inayotoka katikati kama utando wa buibui, kwa kuwa ndivyo mashamba ya kwao yalivyokuwa. Alipewa sifuri. Hakuona uchungu, alisema hata sifuri yenyewe ni duara, hivyo mwalimu alikuwa ameanza kuelewa.

Tarehe 3 Septemba 1971 alifunga ndoa na Mama Regina, dada yake Bertolomeus Pantur wa mtaa wa chini. Mahari ilikuwa nyati wawili na farasi mmoja. Farasi alikuwa chongo, jambo ambalo ukoo wa Pantur uliligundua siku ya pili na umelitaja katika kila sherehe tangu hapo. Marehemu alivumilia. Kwetu ukoo uliokupa mke ndio chemchemi yako, na mtu hachafui maji anayokunywa. Kanuni hiyo aliijua vizuri, na ndiyo iliyomtesa baadaye.

Mwaka 1979 alirithi kazi ya baba yake ya ugawaji wa mashamba. Kazi hiyo haina kiti wala ofisi. Ina kigingi. Kigingi kinasimikwa katikati ya shamba jipya, damu ya nguruwe inamwagwa, kisha mgawaji anabandika dole gumba lake juu ya kigingi, dole moja kwa kila kaya. Kila alama inapoishia, mpaka unaanzia hapo na kunyooka hadi ukingoni. Kosa la unene wa kucha likifanyika kwenye kigingi, linafika ukingoni likiwa shamba zima.

Mnamo Oktoba 1984 kijiji kilifungua shamba la Ntala. Asubuhi ile, akitafuta mti wa kuchonga kigingi, marehemu aliumwa na nyigu kwenye dole gumba. Likavimba likawa kama kiazi. Lakini nguruwe alikuwa amekwisha kuchinjwa, na nguruwe aliyechinjwa hangojei uvimbe ushuke. Akaanza kupima upande wa mashariki, na kwa desturi kipande cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe. Kila mtu aliliona lile dole. Watu wa mashariki waliliona zaidi, wakanyamaza zaidi.

Wa mwisho alikuwa Bertolomeus Pantur. Alipofikiwa, kwenye kigingi haikubaki nafasi ya dole. Ilibaki nafasi ya ukucha.

"Shemeji," Bertolomeus aliuliza, "hiki ni kipande, au ni njia ya kupitishia mbuzi?"

"Kigingi kimekwisha sema, shemeji."

"Kigingi hakina mdomo. Kimesemewa na nyigu."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Ugomvi wa ardhi unasuluhishwa. Aliyechekwa mbele ya wakwe hasuluhishwi upesi. Kigingi kilichopakwa damu haking'olewi, kwa hiyo Ntala ilibaki kama ilivyokatwa. Watoto wa Bertolomeus walikua wakilima kwa zamu, maana wawili wakiinama pamoja katika kile kipande, mmoja alikuwa akiinama kwa jirani. Mashemeji hao wawili waliendelea kukutana misibani na kuulizana habari za mvua. Nyumbani, marehemu akiomba aongezewe ugali wa mahindi, Mama Regina alikuwa akiuliza, "Nipime kwa dole la siku gani?" Naye alikula alichopewa.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kikohozi kilimshika. Hospitali ya mjini walisema ni mapafu, wakamkataza tumbaku, naye akawashukuru na kuwasha nyingine mlangoni. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba baada ya mavuno ya karafuu ya 2023 wapimaji wa serikali wangekuja na mashine zao, na kila kipande kingeandikwa jinsi walivyokikuta. Kipande kikiandikwa chembamba, chembamba hicho ni cha wajukuu na vitukuu.

Oktoba ile, wakati wa kupanda, Bertolomeus alikwenda Ntala na panga na wanawe wawili, akaanza kufyeka mpaka mpya kutoka kwenye kigingi, akikata ndani ya shamba la jirani. Majirani wakaja na mapanga yao. Kanisius, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuja na lake. Marehemu alifika wa mwisho, akiegemea fimbo, akapita katikati yao bila kusalimia mtu, akapiga magoti na kuweka dole gumba lake juu ya kigingi.

"Shemeji, lililokosa ni hili. Kata hapa, hao wengine uwaache."

Hakuna aliyesogea. Hata yeye, ambaye wiki zile hakumaliza sentensi bila kukohoa, hakukohoa.

Bertolomeus alilitazama lile dole.

"Limekonda," alisema. "Lingekuwa hivi mwaka ule, leo tungekuwa nyumbani tunakunywa kahawa." Akalirudisha panga alani, ila hakuondoka. "Sitaki dole lako. Nataka ardhi, kabla wenye mashine hawajafika."

Kurekebisha kwa haki kulihitaji kila kaya ya mashariki isogee kidogo. Marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba. Mmoja alikuwa na kahawa mpakani, mwingine alikuwa na kaburi la mama yake, wa tatu alikuwa na maoni. Ikabaki njia moja: yeye mwenyewe abadilishane na shemeji yake, kipana kwa chembamba. Lakini kile kipana alikuwa amekwisha kumpa Kanisius, aliyepanda mikarafuu humo, nayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa.

"Baba," Kanisius alimwambia, "dole lilikuwa lako. Mikarafuu ni yangu."

"Kweli," marehemu alijibu. "Sikulazimishi. Ila mtanizika mahali. Penye kaburi langu ndipo penu, na kile kingine ni cha mjomba wako. Chagua wewe. Mimi sitakuwepo kubishana."

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Regina. Kanisius alikuwa hajajibu.

Jana mchapaji wa programu hii mjini alitaka kujua mahali pa maziko. Binti wa marehemu, Yustina, anayewasomea wasifu huu, alimwomba asubiri, kwa sababu tangu asubuhi Kanisius alikuwa ametoka na jembe bila kuaga. Udongo wa kipande cha mashariki ni mweusi. Wa kule kwa mjomba ni mwekundu, wenye kokoto. Kanisius aliporudi, Mama Regina alimtazama miguu kabla ya kumtazama usoni. Miguu ilikuwa imejaa udongo mwekundu hadi magotini.

"Umechimba peke yako?" Yustina aliuliza.

"Mjomba alishika sururu. Ana kelele huyo mzee. Amenisimulia habari za farasi chongo mpaka tumefika chini."

"Na mikarafuu?"

"Mavuno haya nachuma mimi. Yajayo atachuma yeye, akijifunza kupanda ngazi." Akauliza kama kuna kahawa, akainama ajimwagie maji miguuni.

"Usinawe," Mama Regina alisema. "Kaa hapo nje kwanza. Majirani wapite waone."

Marehemu ameacha mjane, Mama Regina, watoto watatu, Kanisius, Yustina na Fabianus aliyeko Makassar, wajukuu saba, na shemeji yake Bertolomeus Pantur, aliyeomba kushika jeneza upande wa mbele, akapewa.

Maziko yatafanyika leo, tarehe 12 Juni 2023, katika shamba la Ntala, kipande cha mwisho. Ni chembamba, kwa hiyo waombolezaji wanaombwa kusimama kwa mstari mmoja na kutokanyaga kwa jirani. Mzee Siprianus Habur na alale humo kwa amani. Nafasi yake inamtosha.