Bi Taipu na Mstari Wake wa Nukta

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Leo sijafungua kwa muziki, mtanisamehe. Alhamisi iliyopita tumefiwa. Amefariki Bi Taipu, yule mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akikaa kwenye benchi la zahanati kila Jumatano na daftari mapajani. Amefariki akiwa na miaka sitini na tisa. Jumamosi tulimzika.

Bi Taipu alikuwa mtu wa kujitolea. Hakuna aliyemtuma wala aliyemwajiri. Alifanya kazi mbili. Ya kwanza, kuwasaidia wanawake wahakikishe majina yao yamo kwenye daftari la wapiga kura. Ya pili, kuwaambia kwamba uamuzi wa kuzaa au kupumzika ni wao, na hauhitaji sahihi ya mtu mwingine. Sisi tuliziona kazi mbili. Kwake ilikuwa moja, na nitawaeleza kwa nini. Niseme mapema tu kwamba si habari ya kuchangamsha.

Jina la Bi Taipu alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya hospitali kubwa. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kina dirisha moja lililokwama nusu. Mashine yake ilikuwa ya chuma, nzito, kuihamisha kulitaka watu wawili. Na ilikuwa na jino bovu. Ukipiga mstari wa nukta, ule wa kuwekea sahihi, ikifika katikati iliruka nukta moja. Kila mstari ulikuwa na pengo katikati, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mafundi walikuja wakashindwa. Likumbukeni hilo pengo.

Sasa, miaka thelathini na miwili iliyopita, mkubwa wake wa kazi alimletea fomu ya upasuaji. Akamwambia, "Nitengenezee kama hii, ya uzazi wa mpango. Naitaka kabla ya chakula cha mchana." Bi Taipu akapiga. Alibadilisha kichwa cha fomu, akabadilisha maneno mawili matatu, mengine akayaacha yalivyo. Chini ya fomu ya upasuaji kulikuwa na mstari unaosema "Sahihi ya mume". Naye akaupiga. Hakuna aliyemwambia auweke. Hakuna aliyemwambia autoe. Mkubwa alitia sahihi yake akiwa amesimama, kofia tayari kichwani, akaenda kula.

Fomu hiyo ikatolewa fotokopi. Fotokopi ikatolewa fotokopi. Ikasambaa katika zahanati zote. Na tangu siku hiyo, mwanamke akienda kuomba njia ya kupanga uzazi aliambiwa, "Lete sahihi ya mumeo." Narudia, wasikilizaji, maana hapa ndipo penye mzizi: hakuna sheria iliyosema hivyo. Haikuwepo wakati ule. Haipo leo. Ulikuwa mstari mmoja uliopigwa na karani mwenye haraka.

Mwanamke wa kwanza kurudishwa ambaye sisi tunamjua ni mdogo wake Bi Taipu. Tumbo moja, kitanda kimoja walipokuwa watoto. Ilikuwa miezi minne tu baada ya fomu kutoka. Alikuwa na watoto watano, na daktari alishamwambia wa sita atamtoa roho. Nilimtembelea juzi nyumbani kwake. Ana miaka sitini na tano, anatembea kwa fimbo, na ulimi wake bado una makali.

"Mume wangu alikuwa anafanya kazi mgodini, mbali," aliniambia. "Nikapeleka barua aje atie sahihi. Akaja. Lakini alikuja Ijumaa, mwanangu, akaondoka Jumapili, na kliniki ni Jumatano. Sasa wewe ni mtu mzima, piga hesabu mwenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Uchungu wa mtoto wa sita ulichukua siku mbili. Mtoto alitoka mzima. Mama yake alitolewa kizazi, na mguu wa kushoto haukurudi kuwa sawa mpaka leo. Bi Taipu alikuwa kando ya kitanda siku zote hizo. Alimlaumu shemeji yake. Akawalaumu wauguzi. Kwa miaka ishirini na mitano, alilaumu kila mtu.

Kisha, miaka sita iliyopita, akiwa amekwisha kustaafu, alimsindikiza mtoto huyo wa sita zahanati. Naye sasa ni mama wa watoto wawili, anashona sare za shule, na Bi Taipu, dada wa mama yake, yeye alimzoea kwa jina la Mama Mkubwa. Alitaka kupumzika kuzaa. Mumewe ni dereva wa lori, yuko safarini wiki tatu kati ya nne. Muuguzi akamwambia, "Lete sahihi ya mume."

Bi Taipu akauliza, "Imeandikwa wapi?"

Muuguzi akamsogezea fomu. "Hapo chini, mama. Na hata isingeandikwa, kawaida ni kama sheria."

"Mama Mkubwa akavaa miwani," binti huyo ameniambia. "Akaisoma ile karatasi mara mbili. Akaweka kidole kwenye ule mstari, katikati kabisa. Kisha akakaa chini ghafla. Nikadhani sukari imeshuka, nikakimbilia chai."

Haikuwa sukari. Kidole chake kilikuwa juu ya pengo. Nukta moja imeruka, katikati ya mstari. Alikuwa ameitazama ile kazi ya mikono yake kwa miaka thelathini na minne, asingeweza kuikosea.

Siku tisa hakumwambia mtu. Siku ya kumi akaenda kwa mdogo wake, akamkuta anachambua mchele. Akaiweka fomu juu ya ungo, akasema, "Mimi ndiye niliyeiandika." Kisha akaeleza yote, amesimama, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Alipomaliza akaongeza, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikuja kuomba pole."

Mdogo wake akamjibu, "Huu hukujichoma wewe, dada. Ulinichoma mimi."

Akamfungia mlango wiki tatu.

Nilimuuliza yule mama, alimsamehe? Akanijibu, "Nilimwambia nimemsamehe. Siku nyingine nilikuwa nasahau kwamba nimemsamehe." Halafu akaninyooshea fimbo. "Na usiende kusema redioni kwamba simtaki mwanangu. Huyo wa sita ndiye anayenikatia kucha za mguu huu."

Na huyo wa sita mwenyewe? Ana miaka thelathini na mmoja. Msibani alikuwa akiwapokea wageni na kuwaambia, "Karibuni, mimi ni kosa la taipu la Mama Mkubwa." Watu wakicheka. Alipofika kwa mgeni wa nne au wa tano, binti mwenyewe akashindwa kuimalizia, akaingia ndani.

Basi Bi Taipu akaanza. Aliandika barua kwa diwani, kwa mashine ileile yenye pengo, aliyoiokota hospitali ilipoleta kompyuta. Barua tatu, hazikujibiwa. Akaenda mwenyewe. Diwani alimsikiliza huku akitafuta miwani yake mezani, akamwambia, "Mama, nitajie wapiga kura wangu wanaolalamika. Wapiga kura, si watu tu."

Wengine tungetukana tukaondoka. Bi Taipu aliichukua ile kauli kama agizo la ofisi. Jumatano akaketi kwenye benchi la kliniki na daftari, akawauliza wanawake arobaini wa mwanzo: jina lako limeandikishwa wapi? Waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura la kata yetu walikuwa tisa. Wanawake tisa kati ya arobaini! Wengine majina yamebaki kwa wazazi wao, walikoolewa hayakuwafuata. Wengine walihama chumba cha kupanga, jina likabaki na chumba. Na wengine, nasema haya kwa aibu yetu sisi sote, kadi zao za kupigia kura zilikuwa zimefungiwa kabatini na waume zao.

Ndipo akaelewa kwamba diwani yule hakuwa na sababu ya kuwaogopa. Wanawake wote waliorudishwa na mstari wake walikuwa kana kwamba hawapo.

Alikaa peke yake Jumatano tatu. Ya nne, fimbo ikasikika ukumbini. Mdogo wake alikuja, akaketi, akachukua kalamu. "Sikwenda kwa mapenzi," ameniambia. "Alikuwa anaandika polepole mno, na foleni ilikuwa ndefu." Binti naye akaungana nao. Na fundi viatu wa pale kona akajipa kazi ya kuzungumza na waume. Alikuwa akiwaambia, "Bwana, viatu vyake unavivaa? Basi na kadi yake mwachie." Wawili walimtukana. Wengi walikwenda kabatini.

Kabla ya uchaguzi uliopita, wanawake mia mbili na kumi na wawili walihamishia majina yao hapa. Diwani aliyetaka kutajiwa wapiga kura alishindwa kwa kura mia moja arobaini na saba. Aliyeingia, mwalimu wa chekechea, alilipeleka suala la fomu barazani. Waliujadili mstari wa nukta kwa dakika kumi, wakaufuta. Miaka thelathini na miwili, wasikilizaji. Dakika kumi.

Laiti ningeweza kuishia hapo.

Baraza lilisema fomu mpya zitachapishwa, ila kwanza za zamani ziishe. Stoo ya zahanati ilikuwa na maboksi manane. Kwa hiyo kila asubuhi, miguu imevimba, moyo wake haufanyi kazi vizuri, Bi Taipu alikwenda stoo na rula na kalamu nyekundu. Alichukua fomu moja moja, akaukata mstari, akaandika kando, "Imefutwa". Binti alimwambia, "Mama Mkubwa, tupige muhuri tu, tutamaliza wiki moja." Akakataa. "Niliuandika kwa mkono wangu," alisema. "Nitaufuta kwa mkono wangu."

Mimi hapo sikubaliani naye. Nasema leo, na kaburi lake bado bichi. Muhuri ungemaliza kazi. Lakini nani angemshawishi?

Alifanya hivyo miezi sita. Akamaliza maboksi matano, na la sita alifika nusu. Jumatatu ya wiki iliyopita alianguka, akalazwa. Maneno yake ya mwisho kwa mdogo wake hayakuwa ya kuandikwa kwenye jiwe. Alisema, "Nyekundu imeisha wino. Mninunulie hata nyeusi." Alhamisi alfajiri akafariki.

Sasa lipo langu, na nisipolisema nitakuwa mnafiki. Wiki mbili kabla ya uchaguzi ule, Bi Taipu alikuja hapa studio. Alivaa gauni la kutokea, na karatasi yake imepigwa taipu, maneno ya dakika tano. Mimi nikampa dakika mbili, baada ya michezo. Alikuwa anafika kwenye lile alilolijia. Alisema, "Na wewe mama, ukiambiwa lete sahihi ya mume, usiondoke, uliza..." Nikamkata. Nilisema, "Muda wetu umekwisha, Bi Taipu, tunakushukuru." Nikaweka tangazo la sabuni.

Hakulalamika. Aliikunja karatasi mara nne, akanishukuru mimi, akaondoka.

Jana nilikwenda zahanati. Nilitaka tu kuliona lile benchi kabla ya kipindi hiki. Nikakuta mlangoni mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, fomu mkononi. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni, ana wiki moja tu. Zile fomu zilizokatwa kwa wino mwekundu zilikwisha juzi mchana. Iliyofuata kwenye rundo ilikuwa safi, haina alama. Muuguzi aliusoma mstari kama ulivyo, akamwambia yule mama akalete sahihi. Nilipoelewa kinachoendelea na kuinuka, mama alikwishafika barabarani. Niliita. Hakugeuka. Simjui jina, sijui anakaa wapi. Mama, kama unanisikiliza, rudi Jumatano. Mimi nitakuwa kwenye benchi.

Kwa familia, pole. Pole kwako mdogo mtu, wewe na fimbo yako. Najua leo unamlilia na kesho utamkasirikia, na vyote viwili ni haki yako. Pole kwako binti, mtoto wa sita, uliyepata mama wawili na sasa umebaki na mmoja. Pole kwa fundi viatu, ambaye tangu Alhamisi hajafungua. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna fomu za kujaza.

Nasi tuliobaki, tujiulize mawili. Jina lako la kupigia kura liko wapi leo, na kadi iko mkononi mwa nani? Na ni mistari mingapi tunayoitii, mimi na wewe, bila kuuliza ilitoka wapi?

Mdogo wake amenipa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Ninayo hapa mezani. Leo muda upo, kwa hiyo nitaisoma sentensi yake mpaka mwisho, kama alivyoipiga, na pengo katikati ya mstari wa sahihi yake.

"Na wewe mama, ukiambiwa lete sahihi ya mume, usiondoke, uliza: aliyeandika hivi ni nani? Wakikuambia hawajui, waambie ni mimi. Nilikuwa na haraka. Nisamehe, kisha kaa hapohapo mpaka wakuhudumie."