Ruhusa ya Elisifa

Kijiwe chetu kiko Majengo, nyuma ya duka la vitambaa: benchi moja lenye mguu uliofungwa waya, na Abdulkarim mbele yake na birika la kahawa. Wakaaji ni mimi na wengine wawili. Profesa, fundi redio ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna asichokijua. Na Primus wa bodaboda, tunayemwita Interpol, maana kwake kila kitu ni upelelezi. Jumatatu ile Mikidadi alikuja na shati la ofisini, akakaa bila salamu. Yeye ndiye anayesimamia mfumo wa kompyuta wa ushirika wa maziwa, kupanga nani aingie na nani asiingie.

— Kulikoni, Miki? nikauliza.

— Ijumaa gari limekuja na kibali, limebeba maboksi sitini ya dawa za ng'ombe. Stoo imebaki tupu. Aliyeidhinisha kwenye mfumo ni Elisifa.

Birika la Abdulkarim likasimama hewani. Elisifa, mtunza stoo, tulipanda Machame kumzika wiki tatu zilizopita.

— Mbe jamani, huyo karudi! akasema Interpol.

— Acha utani na marehemu, Profesa akafoka. Mfumo wenyewe uko mtandaoni. Mashine zake ziko Ulaya huko, zitajuaje msiba wa Machame?

— Zinajua nikimwondoa mimi, akasema Mikidadi.

— Na hukumwondoa? akauliza Profesa.

— Nilikuwa nasubiri arobaini. Ningefutaje jina la mtu watu bado wanamlilia?

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nisingelifuta.

— Basi ni majasusi, Interpol akaendelea. Wanakamata sauti ya marehemu, wanatengeneza uso, anatembea kabisa!

— Majasusi na dawa ya kupe wapi na wapi? nikauliza.

— Kwani wao hawana ng'ombe?

— Ni setilaiti, akasema Profesa. Ikipita juu ya mlima, inachanganya walio hai na...

— Nyamazeni!

Hatukuwahi kumsikia Mikidadi akipiga kelele.

— Neno la siri limeibwa, sawa, marehemu alilibandika mezani kwake. Lakini ukiliandika, mfumo unauliza kwanza kwenye simu yake: ruhusu au kataa. Mtu amebonyeza ruhusu. Saa nne meneja ananipigia anataka jina. Nikilikosa, kazi sina.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Hapo akatokea Aikande, binti wa Elisifa, bado na kitambaa cheusi kichwani.

— Shikamooni. Kaka Mikidadi, ofisini wamesema uko huku. Nimeleta simu ya mama. Ijumaa iliniuliza kitu, nikabonyeza ruhusu. Sasa nasikia kuna wizi.

— Huyu hapa! Interpol akaruka.

— Kaa chini, Primus, nikamwambia.

Mikidadi akaipokea simu kwa mikono miwili.

— Kwa nini uliruhusu, Aikande?

— Najua amekufa, kaka. Nilimvalisha mwenyewe. Lakini ilikuja picha yake, anacheka, chini imeandikwa Elisifa anaomba kuingia. Wewe ungembonyezea kataa?

Profesa akatazama ndani ya kikombe chake. Interpol akavua kofia.

Simu ya Mikidadi ikalia. Akamtazama Aikande, akapokea.

— Shikamoo bosi. Ndiyo, nimempata aliyemruhusu. Ni mimi.