Ukulele ya Bibi Haitobolewi

Ndani ya basi la kwenda Waimanalo, mama mmoja mwenye shada la maua kichwani alikataa kiti changu, akasimama mbele yetu na ukulele yake, gitaa dogo la nyuzi nne, kifuani. Mkanda ulimpita shingoni, ukaizunguka ukulele kwa chini na kuishia kwenye kulabu ndogo iliyonasa ukingoni mwa tundu la sauti.

Mzee niliyekaa naye alivumilia vituo viwili tu. "Shangazi, hiyo itaanguka. Nipe niitoboe hapo chini, nitie skrubu moja ya kushikia mkanda. Dakika tano."

"Umtoboe bibi yangu?"

"Nimesema ukulele!"

"Ndiye huyo huyo. Aliichonga mwenyewe. Bibi alitobolewa masikio, mjomba, yakamtosha."

"Haya, achia mikono yote miwili tuone."

"Kwani mimi napiga kwa meno?"

Kina mama wa nyuma wakaangua kicheko. Mzee akaapa kuwa yeye huikumbatia ukulele yake kwa mkono, bila kamba, tangu ana miaka sita. "Ndiyo maana hujawahi kucheza ngoma ya hula huku unapiga," akajibiwa.

Hapo dereva akafunga breki, kulabu ikachomoka. Mikono minne iliruka kuidaka ukulele, wa mzee ukiwa wa kwanza. Mama mwenyewe hakudakwa na mtu. Alitua mapajani kwangu na maua yake, akicheka mpaka machozi.

"Nzima!" mzee akatangaza, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Mlango ukafunguka. Kilikuwa kituo cha mama, si cha mzee, lakini walishuka pamoja: mkanda mtupu shingoni kwa mama, ukulele mikononi mwa mzee, na ubishi katikati.