Forodha ya Vitunguu Pori: Maisha ya Polychronis Skevakis, 1943–2023

Ndugu, jamaa na majirani, tumesimama mbele ya jeneza la Polychronis Skevakis. Haya ndiyo maisha yake kama binti yake, Pelagia, alivyotaka yasomwe: yote, bila kupakwa rangi.

Polychronis alizaliwa tarehe 17 Januari 1943 hapa hapa Apano Vathi, mtoto wa pili wa mzee Stavrulis na bibi Anezina. Ulikuwa mwaka wa vita na njaa, na kaka yake hakufika utu uzima. Alisoma shule ya kijiji hadi 1955. Mwalimu alimwita mtoro, kwa sababu mvua za kwanza zikinyesha hakupatikana darasani. Alikuwa mlimani, amelala kifudifudi, akitazama kolkiko zinavyochomoza: vijiua vya waridi visivyozidi urefu wa kidole, vinavyokuja wakati kila kitu kingine kimekwisha kunyauka.

Alijifunza uashi kwa mjomba wake. Kuta za mawe mnazoegemea mashambani, nyingi ni kazi ya mikono yake. Ukuta wa uani kwake aliujaza makopo ya mafuta ya zeituni, akayatia udongo mwekundu na kokoto, akapanda kolkiko na zafarani pori. Kiangazi chote hakuyapa hata tone la maji, watu wakamcheka kwamba anafuga vumbi. Desemba yalichanua. Siku moja jirani yake, bibi Fotini, alimkuta amelala kwenye tope, akapiga yowe: "Jamani, Polychronis amekata roho!"

Sauti ikatoka chini: "Sijakata, mama. Sogea tu, unaliziba jua, ua litafumba."

Tarehe 8 Septemba 1968 alimwoa Erasmia Vlataki, wakajaliwa Pelagia. Erasmia aliyapenda maua yale pengine kumshinda mwenyewe. Basi Polychronis akampandia safu nzima chini ya ukuta wa shamba, pale pale ambapo nyumba yao huchimba vitunguu pori vya Kwaresima. Hilo ndilo lilikuwa kosa, maana kitunguu cha kolkiko ni sumu, nacho kinafanana na kitunguu pori. Februari 1977 Polychronis alikwenda kuchimba yeye mwenyewe, haraka haraka, mvua inakuja na majani yamechanganyikana. Erasmia alivichemsha, akavitia siki, na Jumatatu Safi, siku ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 21, akala. Polychronis alikuwa kwenye kinu cha zeituni. Aliporudi sahani ilikuwa tupu na mkewe anatapika. Alhamisi Erasmia alifariki, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Pelagia alikuwa na miaka sita.

Shemeji yake, Vardis, alikuja na jembe kuyavunja makopo.

"Bado unayatunza? Yamemuua dada yangu, nawe unayatunza! Huna hata aibu?"

"Aibu imenijaa, shemeji. Lakini ukiyavunja ya hapa, ya mlimani utayamaliza? Watoto watayajulia wapi?"

Vardis hakusema naye tena mpaka kifo. Pelagia naye, na ameomba tuliseme, hakukanyaga uani pale miaka mingi. Aliona kama baba anamkaribisha kahawa muuaji wa mama.

Tangu mwaka ule hakuna mwanamke wa kijiji hiki aliyebandika chungu cha vitunguu pori kabla ya kumpitishia kikapu. Alivikata kimoja kimoja mlangoni kwake. Chenye matabaka kilipita. Chenye ganda jeusi na nyama nyeupe iliyoshikana kilikwenda motoni. Mkambatiza jina Forodha. "Forodha wee, leo nimebeba magendo!" mlimtania, naye akajibu, "Fungua mzigo, mama, na usinichekeechekee." Na hakufa mtu tena. Lakini tusidanganyane: makopo hakuyaweka kwa ajili ya kufundishia tu. Aliyapenda. Alishindwa kuacha kuyapenda, na jambo hilo lilimtesa maisha yake yote.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009. Kilichukua vidole vya mguu, kikaingia figo, na kimyakimya kikaingia machoni. Mapema mwezi huu alilazwa hospitali mjini. Adhuhuri moja, jua limejaa chumbani, alimuuliza binti yake:

"Pelagia, mbona umezima taa?"

"Baba, ni mchana."

Mzee akageuza uso kutafuta dirisha, akakosea upande.

"Huoni? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Maua ya mwaka huu sikuyaona."

"Na vikapu vya watu, baba?"

"Nilipapasa. Nilijua nikisema sioni hawataleta, na watapika hivyo hivyo. Nikadhani mikono itatosha." Akaikunja mikono juu ya shuka. "Nayo ina ganzi, mwanangu."

"Mungu wangu! Baba, umefanya nini?"

"Waambie. Usinisitiri."

Alifariki Alhamisi, tarehe 23 Februari 2023, binti yake akiwa kando yake. Jana mkwe wake, Iakovos, alimsihi Pelagia: "Mzee hajaingia kaburini, unataka kumvua nguo mbele ya kijiji?" Pelagia akamjibu, "Heri nimvue yeye nguo kuliko nimvalishe mtu mwingine sanda."

Marehemu ameacha binti yake Pelagia, mkwe wake Iakovos, wajukuu Erasmia na Stratis, na dada yake Anthi. Ameacha pia mitungi ya vitunguu pori vya siki kwenye rafu zenu, ile yote aliyoipitisha majira haya ya baridi akiwa haoni. Kesho kutwa ni Jumatatu Safi. Tukishafukia, kahawa na brandi ya msiba vitangoja. Nendeni kwanza nyumbani mkaimwage, wote, hata wewe ambaye umekwisha kuonja na hukudhurika. Wa Pelagia umemwagwa asubuhi. Msione mnamvunjia heshima, maana ni yeye aliyewatuma. Mtungi wa mwisho ukishakuwa mtupu, Polychronis atapumzika kwa amani.