Kateni Simu: Maisha ya Mzee Foleni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mzee Foleni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1973. Mwaka huohuo alitumwa maji bombani, mahali ambapo wazee walipishwa mbele. Alitoka asubuhi, akarudi saa tisa na ndoo tupu. Mama akamfokea, naye akajitetea: "Foleni ilikuwa fupi, mama. Ila kila zamu yangu ikikaribia, mzee mwingine huyo!" Nyumba nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

Alihitimu chuo cha ufundi wa simu mwaka 1989, na tarehe 2 Mei 1994 akaajiriwa hospitalini kutunza mitambo ya mawasiliano. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Desemba, alimuoa mshonaji aliyemshonea suti yake ya kwanza ya kazi. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2022 hospitali iliunganisha simu na kompyuta zote kwenye mtandao mmoja. Uongozi ukaagiza simu zipite kwanza, za sauti na za video, na vingine vyote visubiri, yakiwemo majibu ya maabara. Sababu ilieleweka: simu ikicheleweshwa hata kidogo, maneno hukatikakatika. Marehemu akajifungia wiki sita katika kichumba chake chini ya ngazi, akaijenga hospitali nzima kwa hesabu ndani ya kompyuta, akiongeza simu moja moja. Zikiwa arobaini, majibu yalifika kwa sekunde mbili. Zikiwa sitini, sekunde tisa. Zilipofika sabini na nane, majibu hayakupita kabisa mpaka simu zilipopungua. Akaomba sehemu ndogo tu ya njia ya mtandao itengwe kwa ajili ya majibu, simu zisiiguse.

"Majibu yakichelewa kidogo, atakufa nani?" mkurugenzi akamuuliza.

"Nani, sijui. Siku na saa ninajua. Jumatatu, saa nne asubuhi, simu zinapofurika."

"Acha uchuro, mzee!"

Ombi likafungiwa kabatini. Tangu hapo, kila Jumatatu saa nne, aliiacha chai yake ipoe, akaenda kusimama mlangoni pa maabara mpaka saa sita, tayari kupeleka majibu kwa mkono. Wenzake walimtania kwamba amegeuka bawabu. Alisimama pale karibu miaka miwili.

Aliugua figo Januari 2024, akalazwa hospitalini hapohapo Ijumaa, tarehe 7 Juni. Jumatatu asubuhi hali ilibadilika ghafla. Daktari akatoa damu, akasubiri majibu ajue ampe dawa gani. Saa nne na dakika mbili fundi wa maabara alibonyeza kitufe cha kutuma, akaendelea na kazi zake. Mlangoni hakukuwa na mtu.

Sisi nduguze tulikizunguka kitanda na simu kumi na moja, zote kwenye mtandao wa hospitali, tukiwaonyesha walio mbali mgonjwa wetu. Dada yake mdogo, anayewasomea wasifu huu, alishika mbili. Marehemu alifumbua macho, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Kateni simu." Tukadhani anaona aibu kuonekana na mirija puani. "Usijali kaka, umependeza," dada akamjibu, akasogeza simu karibu zaidi ili wote wamsikie. Akarudia. Mara ya tatu ilikuwa midomo tu.

Alifariki saa nne na dakika thelathini na tano. Majibu yalifika wodini saa nne na dakika hamsini. Dawa iliyohitajika ilikuwa kwenye kabati, hatua nne kutoka kitandani.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada huyu, ambaye hajui ataomba msamaha kwa nani. Leo ni Jumapili. Agizo lile halijabadilishwa, na kesho saa nne dada atakuwa amesimama mlangoni pa maabara.

Jeneza linapoteremshwa, tunaomba kila mmoja azime simu yake.

Tumezikata, kaka. Pumzika kwa amani.