Nafasi ya Vidole Viwili: Maisha ya Cuthbert Hird, Mfungaji wa Vichwa vya Treni

Mchungaji wetu, Bibi Maureen, ndugu na majirani, na ninyi mliotoka mbali mkiwa na beji za vilabu vyenu vya treni kwenye makoti, asanteni kwa kuja Shildon katika baridi hii ya leo, Ijumaa tarehe 24 Januari 2025. Naitwa Robyn, mjukuu wa marehemu, binti wa Elaine, na wapo katika ukoo huu waliosoma kuliko mimi, lakini Babu aliomba nisome mimi, tena aliomba nisome yote, pamoja na habari ya kichwa cha treni ya mfano cha Bwana Lonsdale, ambayo mpaka Jumapili iliyopita hatukuwa tumekubaliana kama inafaa kusemwa mbele ya jeneza lake.

Mjomba Stephen alisema mezani, "Mtu hasomewi makosa yake kanisani, Robyn, na isitoshe mji mzima unajua ni wasafirishaji walioivunja," Bibi naye akaweka kikombe chini akasema, "Ukiitoa hiyo, Stephen, tutakuwa tumemzika mtu mwingine, na mimi sikuolewa na huyo mwingine." Kwa hiyo nitaisoma, itakapofika zamu yake.

Marehemu Cuthbert Allan Hird alizaliwa hapa Shildon tarehe 11 Machi 1949, mtoto wa pili wa Thomas Hird, fundi wa mabehewa, na Nora, aliyekuwa akifua nguo za watu, na tangu utotoni aliitwa Cuddy, jina ambalo kwetu ni la mtakatifu na pia ni la punda, na yeye alikuwa akisema kwamba la mtakatifu aliachiwa na mama yake na la punda alijipatia mwenyewe kwa jasho. Alisoma shule ya hapa mjini hadi Julai 1964, akaacha akiwa na miaka kumi na mitano kama wavulana wote wa mtaa wake, na mwezi uliofuata akaingia karakana ya mabehewa kujifunza ufundi, akipita lango lile lile alilopita baba yake.

Katika karakana alifanya kazi miaka ishirini, akitengeneza mabehewa ya makaa na ya vyuma, na huko ndiko alikojifunza jambo ambalo baadaye lilimfanya ajulikane, kwamba mzigo hauharibiwi na safari, unaharibiwa na nafasi iliyoachwa kando yake, kwa sababu behewa likigongwa na jingine, kilichofungwa huenda pamoja na behewa, na kisichofungwa hubaki nyuma kidogo, kisha huja mbio kupiga ukuta. Karakana ilifungwa mwaka 1984, na Babu alikaa miaka miwili bila kazi, akipalilia bustani za watu na kutengeneza viti vya kanisa hili mlivyokalia.

Alikutana na Maureen Peart kwenye dansi ya karakana, akamkanyaga mguu mara mbili, na Bibi anasema alimwambia, "Wewe, ukinikanyaga mara ya tatu itabidi unioe," naye akamkanyaga makusudi. Walifunga ndoa hapa hapa Jumamosi tarehe 24 Aprili 1971, wakajaliwa watoto wawili, Stephen aliyezaliwa mwaka 1973 na Elaine, mama yangu, aliyezaliwa mwaka 1976, na wajukuu wanne.

Mwezi Septemba 1986 aliajiriwa na Bwana Gerald Outhwaite, ambaye yupo nasi leo kwenye safu ya pili, katika duka lake la treni za mfano kule Darlington, duka lililouza treni mpya na zile zilizoachwa na wazee waliofariki, na kazi yake ilikuwa kuzifunga na kuzituma kwa wanunuzi. Vijana wenzangu hudhani treni ya mfano ni kitu chepesi cha plastiki, lakini zile alizopewa Babu zilikuwa za shaba na chuma, zilizochongwa kwa mkono, nyingine zikichemsha maji na kwenda kwa mvuke wa kweli, na kichwa kimoja kiliweza kuwa na uzito wa kilo saba, nane, hata kumi, huku kikiwa na ngazi nyembamba kama unywele na kengele ndogo kama punje ya pilipili.

Sasa nafika kwenye habari ya Bwana Lonsdale. Leonard Lonsdale wa Bishop Auckland alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja kutengeneza kichwa kimoja cha treni, kilo tisa na nusu, na alipokitimiza akakitengenezea sanduku la mti lenye kitambaa cha mahameli ndani, akaandika jina lake kwenye kifuniko kwa chuma cha moto, na mwaka uliofuata akafariki. Mjane wake, Bi. Edith, alikileta dukani, kikanunuliwa na Bwana Tregear wa Cornwall, na wote wawili walitaka jambo moja, kwamba kisafiri ndani ya sanduku la Bwana Lonsdale, maana ninyi wakusanyaji mnajua kwamba kwenu sanduku la asili ni kama cheti cha kuzaliwa, na kulitenga na treni yake ni dhambi.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1991 Babu alikilaza kwenye mahameli yale, akajaza karatasi zilizokunjwa mbele na nyuma, akalizungushia sanduku plastiki ya mapovu, akalitia ndani ya katoni nene, akalituma. Siku ya Alhamisi simu ikalia. Bomba la moshi lilikuwa limeng'oka, ekseli ya mbele imepinda, vyuma vya kusukuma magurudumu vimekunjika, na ubao wa mbele wa sanduku lile zuri ulikuwa umepasuliwa na pua ya kichwa chenyewe.

Bwana Tregear aliendesha gari siku nzima kukirudisha, akakiweka juu ya meza ya duka, na Bwana Outhwaite akamwambia Babu, "Tuseme ni wasafirishaji, Cuddy. Kila mtu husema ni wasafirishaji, hata wao wenyewe wamezoea." Bwana Outhwaite ndiye aliyeniambia niyaandike maneno hayo kama alivyoyasema. Babu aliigeuza katoni ile ya nje upande huu na upande huu, akapitisha kiganja kwenye kila kona, akasema, "Gerald, hebu tazama. Haina hata mchubuko. Hakuna aliyeitupa hii. Imevunjwa kutoka ndani." Bwana Outhwaite akasema, "Kwani lazima umwambie mtu?" Babu akasema, "Yule mama ataniuliza."

Jumapili ile alipanda basi kwenda Bishop Auckland, na mazungumzo yao aliyasimulia nyumbani mara nyingi hata tunayajua kwa moyo. Bi. Lonsdale, ambaye habari ilikuwa imeshamfikia, alimfungulia mlango akamuuliza, "Nani kakivunja?" Babu akajibu, "Ni mimi, mama." Akauliza, "Ulikipiga nyundo?" Akajibu, "Hapana, mama. Nilikiachia nafasi ya vidole viwili. Karatasi zililala njiani, kikapata pa kutembea, kikajipiga chenyewe mpaka Cornwall. Kingekuwa behewa ningekifunga kwa minyororo, lakini nilikiona kidogo, nikakitandikia kama yai." Bi. Lonsdale akamwingiza ndani, akamimina chai, kisha akasema, "Basi kaa, chai inapoa, na acha kuikamua hiyo kofia kama mtu anayeomba kura." Walipomaliza chai akamuuliza, "Utaweza kukitengeneza?" Babu akasema, "Nimetengeneza mabehewa ya tani ishirini, mama." Bi. Lonsdale akasema, "Sikukuuliza habari ya mabehewa, mwanangu." Babu akasema, "Nitaweza."

Ilimchukua miezi kumi na sita, jioni na Jumapili, katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu, na Bibi aliwaambia majirani kwamba mumewe ana mwanamke wa shaba bandani na kwamba huyo mwanamke hali wala hafui. Alinyoosha ekseli, akachonga vyuma vipya, akarudisha bomba la moshi mahali pake, na sanduku la mti akaliunga hata ufa hauonekani mpaka uonyeshwe. Lakini jambo kubwa alilolifanya bandani halikuwa hilo, bali kitanda cha mbao ngumu, ambamo kichwa cha treni hufungwa kwa boliti kupitia fremu yake ya chini, magurudumu yakaning'inia bila kugusa kitu, na mbao mbili zikabana fremu mbele na nyuma, zisiiguse pua wala bomba wala kengele, kisha kitanda kikaingia ndani ya sanduku, na sanduku ndani ya sanduku jingine, pasiwe na mahali popote pa kupenyeza kidole, sembuse viwili. Lile sanduku la mahameli alilifunga peke yake, tupu, na Bi. Lonsdale alipoliona akasema, "Yaani la Len linasafiri bila mwenyewe?" Babu akamjibu, "Alilitengeneza likae rafuni, mama, na rafuni hakuna kama lenyewe." Nje hakubandika karatasi ya kuomba watu washike taratibu, aliandika uzito tu kwa herufi kubwa, kwa sababu alisema maneno ya kuomba husomwa na wenye huruma tayari, lakini uzito husomwa na mgongo wa kila mtu.

Jumamosi tarehe 6 Machi 1993, mbele ya Bi. Lonsdale, Bibi na Bwana Outhwaite, Babu alilibeba sanduku lile, na kichwa chenyewe kikiwa ndani, si tofali wala chuma kingine cha kujaribia, akasimama kwenye ngazi ya juu ya mlango wa duka, na kuliachia lianguke kwenye mawe ya barabara. Bwana Outhwaite alipiga kelele, "Cuddy, we' punda kweli, punda mwenyewe!" Babu akaliokota, akaliangusha kwa ubavu. Bwana Outhwaite akataka kumshika mkono, Bi. Lonsdale akamwambia, "Mwache. Kama ni kuvunjika, kivunjike nikikiona." Babu akaliangusha mara ya tatu, kwa upande wa pua, upande ule ule uliopasuka mara ya kwanza, kisha akapiga magoti pale pale nje, akafungua boliti moja baada ya nyingine. Hakuna hata chembe ya rangi iliyobanduka. Bi. Lonsdale alilishika bomba la moshi kwa vidole, akalitikisa, halikucheza, akasema, "Haya, kifunge upya, na mimi nitakaa hapa nikutazame."

Kilitumwa Jumanne tarehe 9, na Ijumaa Bwana Tregear akapiga simu, akasema, "Kimefika, lakini nimeshindwa kukitoa. Huyo mtu wenu alidhani anamfunga simba?" Hiyo ndiyo sifa aliyoipenda Babu kuliko zote alizowahi kupewa.

Toka siku ile mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016 alituma vichwa vya treni kwenda Uskoti, Ujerumani, Kanada na Japani, na minada ya huku kaskazini ilimtumia mizigo iliyowashinda wengine, na wafungaji kutoka maduka mengine walikuja kukaa siku nzima mezani kwake wajifunze kile ambacho sasa mnakiita kitanda cha Hird. Hakuna kichwa kilichovunjika tena kwa kosa la mkono wake. Viwili viliumia, kimoja kilikanyagwa na lori na kingine kiliangukiwa na ghala wakati wa mafuriko, na hata hivyo alivichunguza vyote viwili kwa wiki kadhaa kabla hajakubali kwamba si yeye.

Na kila aliyekuja kujifunza kwake, somo la kwanza halikuwa mbao wala boliti, lilikuwa habari ya Oktoba 1991, aliyoisimulia bila kupunguza, na alipoulizwa kwa nini asianze na ushindi wake alisema, "Wakijua nilivunja wataniamini ninapowaambia kinavunjikaje."

Babu alianza kuugua moyo mwezi Novemba 2021, akalazwa mara tatu, na tangu Oktoba mwaka jana hakuweza tena kupanda ngazi, tukamshushia kitanda sebuleni. Mwezi Desemba aliniita akanitajia tarehe hizi zote moja moja, na tulipofika mwaka 1991 akasema, "Andika, ndiyo, niliivunja. Usiandike iliharibika. Vitu haviharibiki vyenyewe, Robyn, watu huviharibu." Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano na miezi kumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na muuguzi wetu wa mtaa, Bi. Carol Teasdale, aliyekuja hata siku za theluji, na jirani yetu Bwana Ord aliyefagia njia yetu kila alfajiri ili gari la wagonjwa lipite, na akina mama wa kanisa waliopika mikate na nyama mtakayoikuta ukumbini baada ya maziko, na Bwana Outhwaite, aliyekuwa mwajiri wake tu miaka mitano ya kwanza, na rafiki yake pia miaka yote iliyobaki, na ninyi wa vilabu, mlioleta maua mengi kuliko ndoo tulizo nazo.

Nilidhani nimemaliza kuandika, lakini asubuhi ya leo Mjomba Stephen aliniomba karatasi hizi, nami nikaogopa kwamba ataichana ile ya tatu, yenye habari ya Bwana Lonsdale, kumbe alitaka kalamu. Ameandika kwa mkono wake, nami nasoma kama ilivyo. "Baba alipoivunja treni ya Lonsdale nilikuwa na miaka kumi na minane, nikawaambia wenzangu wote kwamba dereva ndiye aliyeitupa. Nimelisema hilo miaka thelathini na mitatu, na baadhi yenu humu mmelisikia kwangu. Dereva hakuitupa. Baba alisema kweli tangu siku ya kwanza, na aibu ilikuwa yangu, haikuwa yake."

Cuthbert Allan Hird, mwana wa Thomas na Nora, mume wa Maureen, baba na babu yetu, tumekusema wote, hatukubakiza kitu. Pumzika kwa amani.