Mama Depite Aliyeulizia Vitanda Vyetu

Risala ya wanawake wa kambi ya Lukwangu, teritwari ya Kabambare, mwezi wa nane 1958. Imeandikwa hapa kama ilivyosomwa, pamoja na maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi.

Mgeni wetu rasmi, Mama Depite Verlinne, uliyetoka katika Bunge la Ubelgiji,
Bwana Mkubwa wa Teritwari,
Bwana Direktere wa Kampani,
Mapadri, mashehe, makapita, na ninyi waume zetu mlioombwa kukaa nyuma:

Ukaribisho

Karibu, Mama. Karibu sana. Karibu tena. Tulipanga kusema karibu mara moja tu, kama waume zetu walivyosema katika risala yao, lakini midomo yetu leo haifungi. Unatuona tunacheka na hakuna aliyesema jambo la kuchekesha. Utuvumilie, ni furaha, na hatujaizoea.

Gari lako lilipofika tulikuwa tunamngoja Bwana. Gazeti liliandika "Depite Verlinne" na halikusema ni mume au mke, na sisi hatukuwahi kusikia kwamba yuko mwanamke anayewauliza mawaziri maswali nao wakasimama kumjibu. Mlango ukafunguka, ukashuka wewe na viatu vyako vya kahawia. Mama Amisa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamwisha, na hadi sasa anaongea kwa mikono. Zawadi yetu ni kofia ya ukindu, tuliyoisuka kwa kipimo cha Bwana mwenye kichwa kikubwa. Ukiivaa itakufika puani. Tunaomba uipokee hivyo hivyo.

Risala ya waume zetu ilipigwa mashini kule ofisini, na ilisomwa na wakubwa watatu kabla hujaisikia wewe. Yetu imeandikwa kwa mkono. Hakuna aliyeomba kuiona, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba tunayo. Katika kambi nzima wanawake tunaojua kusoma tuko wawili: mimi Emilienne, mwalimu wa ushoni, na Odile, aliyesimama nyuma yangu. Amesimama hapo kwa sababu, kama unavyoniona nilivyo, mwezi wangu wa kujifungua ni huu. Anayekugeuzia maneno yetu kwa Kifaransa ni Octave, karani wa Kampani, ambaye pia ni mume wangu. Octave, tafsiri. Na usiruke mahali.

Historia ya kambi, na ya maswali yako

Waume zetu walitoka Kasongo, Nyangwe, Lusangi na vijiji vingi vya hapa Kabambare, wakaja kuchimba dhahabu. Nyumba walizopewa zilikuwa za miti na nyasi. Waliambiwa ni za muda. Muda huo mwaka huu umetimiza miaka kumi na minane.

Sasa sikiliza tulivyokujua. Mwezi wa saba Hawa, mke wa Moustapha, alinunua makayabo dukani, na samaki huyo wa chumvi alifungwa katika gazeti la kwenu Ulaya. Hawa hatupi karatasi. Aliikausha juani, akamletea Octave aisome, akitaka kujua picha ya farasi iliyokuwa pale ina maana gani. Farasi hakuwa na maana. Lakini chini ya farasi kulikuwa na wewe.

Gazeti lilisema kwamba Depite Verlinne alisimama Bungeni akawauliza mawaziri wawili maswali mawili. Wa kwanza: je, wafanyakazi wa dhahabu katika Maniema ya kusini, huko Lukwangu kwa mfano, wanalala katika nyumba gani? Wa pili: je, wake zao wanazalia wapi? Mama, walitaja Lukwangu! Octave alisoma jina hilo mara tano, na kila mara tulimwambia arudie. Hatujui nani alikupelekea habari zetu, na hatutamtafuta.

Halafu tukasikia majibu. Waziri wa kwanza alijibu kwamba Lukwangu kuna nyumba themanini za matofali, zenye mabati na madirisha mawili mawili. Wa pili alijibu kwamba Lukwangu kuna maternite, nyumba ya wazazi, yenye vitanda kumi na viwili na maji ya bomba. Walikuwa na karatasi mkononi, wakaisoma vizuri.

Kisha Amisa akauliza, "Sasa hiyo nyumba iko wapi?" Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na hakijaisha bado. Kesho yake tulitoka wanawake ishirini tukaitafuta maternite. Tulitafuta nyuma ya ghala, tukatafuta ng'ambo ya kijito. Tulichungulia hata banda la mbuzi la kapita François, msimamizi wa wachimbaji, kwa kuwa lina milango miwili. Mwisho tulikwenda kwa Bwana Direktere, tukamwomba kwa heshima atuonyeshe, maana waziri hawezi kusema uongo. Bwana Direktere alibadilika rangi. Akauliza, "Hii gazeti mulitoa wapi?" Hawa akamjibu, "Kwa samaki, Bwana."

Octave, umeruka samaki. Nimesikia. Rudia.

Mafanikio

Baada ya siku chache ilikuja habari kwamba Depite mwenyewe anakuja kutazama kwa macho yake. Mama, laiti ungeona! Kwa miaka kumi na minane saruji haikujua njia ya kufika hapa, na ndani ya siku kumi na tisa ilikuja mifuko na mifuko. Bwana Direktere alivua koti, akashika bomba kwa mkono wake, na tunampa sifa hiyo mbele ya watu. Maternite ndiyo ile unayoiona, nyeupe, yenye utepe mwekundu mlangoni unaongoja mkasi wako. Kutoka hapa niliposimama mpaka mlango ule ni hatua thelathini na mbili. Nimezipima mwenyewe, mara nyingi, nikienda na kurudi, mpaka watu wakadhani nimepoteza kitu.

Nyumba za matofali pia zimejengwa. Ni kumi na mbili, zile zinazotazama barabara. Upande wa mbele zimepakwa chokaa vizuri. Upande wa nyuma tunakuomba ufike uuone, na usiogope matope.

Vitanda vilifika juzi kwa lori. Ni kumi na viwili, vya chuma, kamili kama waziri alivyosema. Tulipovipangusa tuliona kwamba kila kimoja kina alama iliyochongwa, na alama hiyo si ya Kampani. Tukamwuliza Zuberi, dereva. Zuberi ni mtu mwema na hawezi kuficha jambo mbele ya wanawake ishirini. Alitwambia, "Bamama, mi niliambiwa hivi: mugeni akienda, kesho yake narudisha vitanda yote kwa wenyewe."

Basi tulikaa, tukafikiri, na hapa ndipo tunapofika kwenye fanikio letu wenyewe, ambalo wakubwa watalisikia sasa hivi pamoja nawe. Leo asubuhi uchungu ulimshika Hawa. Alijifunga kanga yake akaja mpaka mlango ule. Mlinzi alimwambia, "Mama, hapa hapajafunguliwa, ona kamba iko kwa mulango." Hawa akamjibu, "Mutoto hajui mambo ya kamba." Akainama, akapita chini ya utepe. Saa tatu alizaa mtoto wa kike, kitanda namba nne. Utepe ni mzima, haukuguswa, utaukata kama ilivyopangwa. Ila ukiingia usishtuke ukisikia mtu analia.

Na Hawa ni Mwislamu. Kwao mzazi hatoki ndani kabla ya siku arobaini, na shehe yuko hapa, aulizwe. Kwa hiyo kitanda namba nne hakipandi lori kesho. Tumejihesabu, Mama: wajawazito wa kambi tuko kumi na watatu bila Hawa, Waislamu na Wakristo. Tumepangana kwa miezi, kila kitanda na mwenyewe, na anayetoka anampisha mwenzake. Wiki hii Wakristo wote wa Lukwangu tumeipenda arobaini kuliko ilivyowahi kupendwa. Padri ametusikia na amegeuza uso upande mwingine, labda anacheka.

Matatizo

Nyumba za nyasi bado ni sitini na nane. Hilo waume zetu hawakuliandika, au liliandikwa likafutwa. Mvua ikinyesha tunahamisha watoto kutoka kona moja hadi nyingine mpaka kona zinakwisha. Nyumba ina chumba kimoja, na moto uko humo humo, na kikohozi kiko humo humo.

Hapa kwenye tatizo la pili hatucheki, Mama. Masika ya mwaka jana Aziza, jirani yangu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka yangu, alishikwa na uchungu na mtoto hakutaka kutoka. Hospitali iko Kasongo. Kwa machela, mabegani mwa watu, ni siku tatu. Mimi nilimsindikiza. Njiani aliniuliza mara nyingi, "Tumefika?" nami nikamjibu kwamba bado kidogo. Siku ya pili, kabla ya kivuko, aliacha kuuliza. Tulimzika na mtoto wake pale pale, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Nilimpenda sana. Alikuwa ananisuka kila Ijumaa. Kuanzia siku nilipojua kwamba nina mimba, sijaogopa kitu kingine isipokuwa ile barabara.

Octave, najua. Jifute uso, halafu tafsiri.

Maombi

Mama Depite, ombi letu la kwanza ni vitanda. Kama vina wenyewe, na wenyewe wana wazazi wao wa kulala humo, hatutaki wanawake wengine walale chini kwa ajili yetu. Wapelekewe vingine, vipya. Lakini hivi vibaki mpaka vyetu vije. Bwana Direktere yupo, Bwana Mkubwa yupo. Tunaomba waseme "ndiyo" ukiwa bado umekaa hapa.

Ombi la pili ni mkunga. Kitanda hakimpokei mtoto. Asubuhi hii Hawa alizalishwa na Mama Amisa, na ndiyo maana nyingine sauti yake imekwisha. Tunaomba mwanamke mmoja aliyesomea kazi hiyo, akae hapa hapa, na apewe moja ya zile nyumba kumi na mbili.

Ombi la tatu ndilo kubwa. Sisi tumekaa miaka kumi na minane tukiomba, na hatukupata kitu. Wewe uliuliza mara moja tu, na nyumba kumi na mbili zikaota. Kwa hiyo tunaomba

Ngojeni.

Hapana, ni sawa. Kwa hiyo tunaomba, Mama, kwamba

Odile, shika karatasi. Octave, hilo usitafsiri. Octave, nimesema simama hapo hapo.

Mimi ni Odile. Naendelea. Sijazoea kusoma mbele ya watu, mtanivumilia. Mama Depite, programu ya wakubwa inasema kwamba utepe utakatwa saa sita, baada ya ngoma. Hawa aliinama akapita chini. Emilienne hawezi kuinama. Mkasi uko kwenye sahani hapo mbele yako. Tafadhali, Mama, ngoma watapiga baadaye.

Ahsante. Shika mkono wake wa kushoto, Mama, Amisa ameshika wa kulia. Nitasoma kwa sauti mpaka mnisikie mkiwa njiani.

Ombi la tatu, limeandikwa hapa kwa mkono wa Emilienne: tunaomba uulize tena. Ukirudi Ulaya, waulize mawaziri kama ni kweli kwamba Lukwangu kuna mkunga. Watajibu kwamba yuko. Waulize kama nyumba zile themanini zina vyoo. Watajibu kwamba vipo, vya saruji. Wewe waache waseme, gazeti liandike, halafu utwambie tu siku unayokuja kutazama. Sisi tutakuwa tunanunua makayabo.

Octave, tafsiri. Hata kama amekupa mgongo, atasikia. Bwana Direktere, tumekuona ulivyoitikia kwa kichwa ombi la vitanda, na watu wote wameona. Tunakushukuru kwa hiyo ndiyo.

Mwisho

Baraka zilizoandikwa hapa ni ndefu, nitazifupisha kwa kuwa na mimi nataka kwenda. Mungu wa msikitini na wa misheni, ambaye ni mmoja, akulinde angani na barabarani. Akupe sauti isiyokwisha kama ya Amisa. Mawaziri wako wawe na afya njema, waendelee kujibu. Mtoto wa Hawa ameitwa Verlinne tangu saa tano, Moustapha amekubali, na shehe anatafuta jina lingine la kuweka mbele yake.

Nimesikia mkasi. Utepe umeanguka, na Emilienne ameingia. Nilikuwa namhesabia huku nikisoma: hatua thelathini na mbili, na zote amekwenda kwa miguu yake. Octave, hilo tafsiri polepole.

Ni sisi wako, wanawake wa kambi ya Lukwangu, wenye vitanda kumi na viwili. Namba nne na namba tano vina watu.